Urujuani wa Usambara: Jina Lake, Mwamba Wake na Nafasi Yake kwenye Orodha Nyekundu

Shikamooni wazee wetu. Waheshimiwa viongozi, maafisa misitu, wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, walimu na wanafunzi, hamjambo nyote.

Mada ya leo ni ua dogo linaloota kwenye mawe ya misitu yetu, ambalo Ulaya na Marekani limejaa kwenye madirisha ya watu. Wauza maua huliita violeti ya Afrika, ingawa halina undugu na violeti. Leo tutaliita urujuani wa Usambara. Ninalotaka kulisema ni hili: namna wataalamu walivyolipanga ua hili, kisha wakalipanga upya, ndiyo inayoamua lipi litahesabiwa kuwa hatarini na lipi litasahauliwa. Kwa hiyo kazi ya kulilinda ifanywe mwamba mmoja mmoja, bila kungoja majina yatulie.

Tuanze na mmea wenyewe, maana wengi wameuona kwenye chungu na wachache wameuona kwao. Tafuta mwamba uliosimama wima au wenye mteremko mkali, chini ya miti mirefu, mara nyingi jirani na kijito. Jiwe limefunikwa na kuvumwani, na katikati ya kuvumwani hiyo utaona majani manene, laini, yenye vinyweleo, yamejipanga kwa duara na kulala karibu na jiwe. Mizizi ni mifupi na myembamba, nayo imeshika tabaka jembamba tu la udongo. Mwamba mkali unaufaa kwa sababu mbili. Majani makavu yanayoanguka kutoka juu hayatulii pale, hivyo mmea haufukiwi. Na mimea mikubwa inayotaka udongo mwingi haipati pa kusimama, hivyo hakuna wa kuunyima mwanga kwa karibu. Lakini mmea wenye udongo mchache kiasi hicho hauna akiba ya maji. Akiba yake ni unyevu wa hewa, na unyevu huo unatunzwa na miti iliyo juu yake. Ondoa miti, hujagusa hata jani moja la urujuani, na bado umeshauua.

Sasa litazameni ua kwa karibu. Lina petali tano, mbili za juu ndogo kuliko tatu za chini. Rangi yake kwa kawaida ni ya samawati inayoelekea zambarau, na kwenye baadhi ya aina hufifia hadi karibu nyeupe. Katikati kuna vichavulio viwili vya njano vilivyogusana. Kando yake kuna kijiti cha kike kinachopokea chavua, nacho hakisimami katikati: kwenye ua moja kimeinama kulia, kwenye jingine kimeinama kushoto. Ua hili halina asali. Mgeni wake analipwa kwa chavua tu, na chavua yenyewe imefungiwa ndani ya vichavulio vyenye upenyo mdogo. Inamlazimu nyuki avikumbatie vichavulio na kutikisa misuli yake ya kifua kwa kasi, ndipo chavua imwagike. Nyuki wa kundi la Amegilla wanaweza kazi hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwaona wakiifanya katika milima ya Taita. Chavua inayobaki upande mmoja wa mwili wa nyuki hugusa kijiti kilichoinama upande huo kwenye ua linalofuata. Wale nyuki nao wanahitaji mahali pa kujenga viota na maua mengine ya kula mwaka mzima. Ukibaki na mwamba mtupu bila wao, utakuwa na maua mengi na mbegu chache.

Mbegu ni ndogo mno. Hazionekani vizuri bila lenzi. Hazina chakula cha akiba cha kuzifikisha mbali. Zinaota zikitua juu ya kuvumwani yenye unyevu au kwenye ufa wa jiwe, na mche wa wiki za kwanza hukauka kwa siku chache tu za jua kali. Hilo likumbukeni, nitalirudia nikifika kwenye kuhesabu.

Historia ya jina inaanza kabla ya Wajerumani. Sir John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, alikusanya mmea huu mwaka 1884, na mwaka 1887 akafuata Mchungaji W. E. Taylor, yule yule mmisionari wa Mombasa ambaye wapenzi wa ushairi wanamjua kwa kuzihifadhi tungo za Muyaka. Sampuli zao zilifika Kew, bustani ya mimea ya Kifalme huko Uingereza, zikiwa hazitoshi kuandikiwa maelezo, zikakaa kabatini. Kisha Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya chini ya Wajerumani, akaukuta mmea sehemu mbili: kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga, na milimani Usambara. Alimpelekea baba yake Ujerumani, baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akautangaza kwa jina Saintpaulia ionantha, na mwaka huo huo ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya maua ya Ghent, Ubelgiji.

Kampuni ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake. Mwaka 1927 wakulima wa maua wa Los Angeles waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua miche kumi iliyo bora, na kutoka hapo zikazaliwa aina nyingi za madukani. Nasema haya kwa sababu moja ya kazi yetu: urujuani wa dukani ni chotara aliyechaguliwa kwa vizazi vingi ili astahimili hewa kavu ya nyumba. Si mbegu ya kurudishia msituni. Nitaeleza kwa nini.

Kazi kubwa ya kwanza ya kuzipanga spishi zote ilifanywa na B. L. Burtt wa Bustani ya Mimea ya Edinburgh, katika machapisho ya 1958 na 1964. Kwa hesabu ile na nyongeza zake zilifika spishi 20 hivi. Zilibeba majina ya kwetu: tongwensis ya mlima Tongwe, magungensis ya Magunga, amaniensis ya Amani, shumensis ya Shume, teitensis ya Taita. Chombo chake kikuu cha kuzitenganisha kilikuwa vinyweleo vya jani. Je, vyote ni virefu, au virefu vimechanganyika na vifupi? Vimesimama, au vimelala juu ya jani? Vina tezi nchani? Ukiwa na lenzi ya mkono inayokuza mara 10 unaweza kuyaona hayo yote papo hapo, na mpaka leo ni lazima tuyaandike.

Tatizo la mpango ule lilikuwa kwenye sampuli. Spishi nyingi zilielezwa kutokana na mimea michache, na mara nyingi ni ile iliyokuzwa kwenye nyumba za vioo huko Ulaya. Sasa jani la urujuani hubadilika kufuatana na mwanga. Kwenye giza kikonyo hurefuka na jani huwa jembamba. Kwenye mwanga jani hunenepa na hujikunja. Jani changa lina vinyweleo vilivyosongamana, na jani hilo hilo likipanuka vinyweleo vinaachana. Ukichukua mmea mmoja wa bonde hili na mmoja wa bonde lile, utaona spishi mbili. Ukipita mabonde kumi yaliyo katikati utakuta mfululizo usiokatika.

Uchunguzi wa vinasaba ulilithibitisha hilo. Kazi ya Michael Möller na Quentin Cronk iliyotoka 1997, na nyingine zilizofuata, zilionyesha mambo mawili. Kwanza, aina za Usambara na nyanda za chini za pwani zinakaribiana sana, kiasi kwamba sehemu za vinasaba zilizopimwa hazikuweza kuzitenga vizuri. Tena zikikutanishwa kwa mkono zinazaana bila taabu. Aina za Uluguru ndizo zilizoachana mapema, maana yake ukoo huu unaonekana ulianzia kusini na kusambaa kuelekea kaskazini. Pili, Saintpaulia nzima imezaliwa ndani ya jenasi nyingine kubwa, Streptocarpus. Hata idadi ya kromosomu, 30, inalingana na kundi lile la Streptocarpus lililo jirani nayo. Macho ya zamani yalidanganywa na umbo: matunda ya Streptocarpus yamejisokota na ua lina mrija mrefu, wakati urujuani una tunda lililonyooka na mrija mfupi sana. Kumbe tofauti ya ua ni ya kufuata nyuki wanaotikisa chavua, si ya ukoo.

Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa Kew akakunja zile spishi 20 hivi hadi 6. Majina mengi ya Usambara na pwani yaliingizwa ndani ya ionantha, na humo ndani akatenga nususpishi, yaani makundi madogo ndani ya spishi moja: ionantha yenyewe, grotei, pendula, velutina, orbicularis, occidentalis, grandifolia, rupicola na mafiensis. Zilizobaki kuwa spishi kamili ni goetzeana, pusilla na inconspicua, pamoja na shumensis na teitensis. Mwaka 2009 Elspeth Haston aliongeza ulugurensis. Kisha, 2012, Maarten Christenhusz akazihamishia nyingi kwenye Streptocarpus, na mwaka 2015 kundi la wataalamu likakamilisha mpango mpya ambamo Saintpaulia imebaki kuwa seksheni tu ndani ya jenasi hiyo. Jina sahihi la leo ni Streptocarpus ionanthus.

Kwa maoni yangu Darbyshire alikuwa sahihi, na wanaoung'ang'ania mpango wa zamani kwa sababu una majina mengi ya kupigania wanakosea. Hatuwezi kuita kitu spishi ili tu kipate ulinzi. Lakini mabadiliko haya yana athari zake, nazo si ndogo. Ukiandika ripoti kwa jina jipya peke yake, mtu anayetafuta kumbukumbu za Saintpaulia hataiona. Ukiandika la zamani peke yake, mfumo mpya hautaipokea. Kila fomu iwe na yote mawili. Kwenye hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, sampuli nyingi bado zina majina ya Burtt: msizifute, bandikeni kibandiko kipya chini ya cha zamani. Kibandiko kinachosema tongwensis kinatuambia mmea ulitoka wapi hata kama jina lenyewe limekufa.

Athari kubwa zaidi iko kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linaloorodhesha viumbe kwa kiwango cha hatari ya kutoweka, na hapa naomba tutulie kidogo.

Orodha hiyo ina ngazi tisa. Tatu za hatari ndizo zinazotuhusu: hatarini mno, herufi CR, hatarini, herufi EN, na inayoweza kudhurika, herufi VU. Kwa mimea ya miamba kigezo kinachotumika zaidi ni kigezo B, cha eneo. Eneo ambalo mmea umelikalia hasa hupimwa kwa kuchora ramani ya miraba ya kilomita 2 kwa 2 na kuhesabu miraba yenye mmea. Kila mraba ni kilomita za mraba 4, hata kama ndani yake kuna jiwe moja tu. Chini ya kilomita za mraba 10 ni kiwango cha CR, chini ya 500 ni EN, chini ya 2,000 ni VU. Lakini eneo dogo peke yake halitoshi. Lazima yatimie mawili kati ya matatu: sehemu chache au mtawanyiko wa vipande vilivyoachana, kupungua kunakoendelea, na kupanda na kushuka kwa idadi kupita kiasi. Kwa CR iwe sehemu moja tu, kwa EN zisizidi tano, kwa VU zisizidi kumi.

Na neno sehemu kwenye kanuni hizi halimaanishi kituo au kijiji. Linamaanisha eneo ambalo tishio moja linaweza kuliathiri lote kwa mkupuo. Miamba mitatu chini ya msitu mmoja unaoweza kuchomwa na moto mmoja ni sehemu moja. Mwamba mmoja ambao upande wake uko ndani ya hifadhi na upande wake uko shambani unaweza kuwa sehemu mbili. Wengi wanakosea hapa, wanaandika idadi ya alama za GPS, na tathmini inarudishwa.

Sasa fikirieni nususpishi inayojulikana kwenye mwamba mmoja. Ina mraba mmoja, kilomita za mraba 4, na sehemu moja. Ukiwa na ushahidi kwamba kivuli kinapungua au miche haipatikani tena, inaingia CR. Usipokuwa na ushahidi wa kupungua, kigezo B hakikubali; itaangukia VU kwa kigezo D2, kinachosema eneo dogo sana lenye tishio linaloeleweka. Mwamba ni ule ule, hatari ni ile ile. Kinachotofautisha ngazi mbili nzima ni kama kuna mtu aliyehesabu mara mbili na kuandika tarehe.

Na pale majina yalipounganishwa, ionanthus ikawa spishi yenye eneo pana kutoka pwani ya Kenya hadi Mafia, basi kwenye ngazi ya spishi inaonekana ina nafuu. Kanuni za IUCN zinaruhusu kutathmini nususpishi, mradi spishi nzima imeshatathminiwa kwanza. Huo ndio mlango wetu. Tathmini ya rupicola, ambayo makazi yake ni mawe ya chokaa ya pwani ya Kenya kama pale Cha Simba karibu na Kaloleni, haiwezi kufichwa nyuma ya mimea ya Amani. Vivyo hivyo mafiensis kule kisiwani kwenye mwamba wa matumbawe. Na teitensis, ambayo imebaki kuwa spishi, inaishi mlima wa Mbololo peke yake. Msitu ule ukiisha, hakuna mlima mwingine wa kuikimbilia.

Vitisho mnavijua, nitavitaja kwa kile kinachofanyika juu ya mwamba. Iliki hupandwa chini ya miti mikubwa, hivyo ukitazama kutoka mbali msitu unaonekana mzima. Lakini vichaka na miti midogo imefyekwa, upepo unapita, kuvumwani inakauka. Baada ya miaka kadhaa iliki inachoka, na shamba linageuzwa kuwa la mahindi au migomba. Hapo miti mikubwa nayo huanguka. Uchimbaji wa dhahabu uliovamia vijito vya Usambara Mashariki miaka ya 2003 na 2004 uligeuza kingo na mawe pale pale urujuani unapoishi. Maesopsis eminii, mti wa kuletwa uliopandwa Amani tangu enzi za Wajerumani, husambazwa na hondohondo wanaokula matunda yake. Huota haraka kwenye kila uwazi, na kivuli chake ni chepesi kuliko cha miti ya asili. Uchimbaji wa mawe na kokoto unagusa zaidi chokaa ya pwani. Moto wa mashamba unapanda mteremko wakati wa kiangazi. Na wakusanyaji wapo: mtu mmoja na mfuko wa plastiki anaweza kumaliza duara zote za ufa mmoja kwa asubuhi moja.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa 1997 ikiwa na hekta 8,380, imesaidia sana, na hifadhi za Nilo, Magamba, Mkingu na Uluguru zimeongeza. Lakini nyanda za chini, chini ya mita 300 hivi, ndiko msitu ulikobaki vipande vidogo kabisa, na huko ndiko wanakoishi ndugu wa ile mimea ya kwanza ya Wendland.

Nije kwenye kazi yenyewe ya kuhesabu.

Nendeni watu wawili au watatu, si zaidi. Kuvumwani ikikanyagwa inabanduka kama zulia, na vitalu vya miche huenda nayo. Simameni chini ya mwamba au pembeni, msipande juu yake. Ombeni kwanza kibali: Tanzania, utafiti wa mimea unahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na ruhusa ya mwenye msitu; Kenya, NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, na mamlaka za wanyamapori na misitu. Alama za GPS chukueni kwa usahihi wa kifaa, lakini kwenye ripoti ya wazi wekeni jina la kata au msitu tu. Ramani yenye pointi kamili ni mwongozo kwa mwizi.

Gaweni hesabu katika makundi matatu. Mmea mkubwa ni ule wenye ua, tunda, au kikonyo kikavu cha ua la zamani. Mmea mdogo ni duara lisilo na dalili ya kuchanua. Mche ni ule wenye majani yasiyofika sentimita moja. Aina zinazotambaa, hasa grotei, hutoa mizizi kwenye vifundo vya shina, hivyo mmea mmoja huonekana kama kumi. Hesabu kila duara lenye mizizi yake linaloweza kuishi peke yake, kisha andika pembeni kwamba ni aina ya kutambaa. Usipoandika, anayekuja mwakani atahesabu kwa njia yake na mtadhani idadi imeongezeka.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuhesabu mimea mikubwa tu. Duara lililokomaa linaweza kuvumilia miaka kadhaa baada ya kivuli kupungua. Litachanua, na mgeni atapiga picha na kusema hali ni njema. Miche ndiyo inayokufa kwanza. Mwamba wenye mimea mikubwa 200 na miche sifuri uko taabani kuliko mwamba wenye mikubwa 40 na miche mia. Tafuteni miche kwa lenzi na tochi kwenye kuvumwani na kwenye nyufa za chini. Nendeni mwisho wa mvua, kisha mrudi mwisho wa kiangazi ule ule, mlinganishe.

Pimeni na kivuli. Simama mgongo ukiwa kwenye mwamba, tazama juu upande wa kushoto, mbele na kulia, na ukadirie kila upande ni sehemu gani ya kumi iliyo wazi. Ni njia rahisi, na ikirudiwa na mtu yule yule inatosha kuonyesha mabadiliko. Piga picha ya mwamba kutoka mahali pale pale, ukiweka rula ndani ya picha. Andika jani liko vipi: limejikunja kingo, limepauka, lina madoa ya kahawia. Kupauka ni jua. Kukunjamana kwa majani ya chini wakati ya juu ni mabichi ni ukame wa kawaida, na mvua hulirekebisha.

Kwa utambuzi, jani moja lililokomaa linatosha, msing'oe duara. Piga picha ya vinyweleo vya juu na vya chini likiwa bichi, kwa sababu likishabanwa kwenye magazeti vinyweleo vyote vitalala, na tofauti ya kusimama na kulala itapotea milele. Kata kipande cha sentimita moja au mbili za mraba, kiweke ndani ya mfuko wenye chembe za silika, zinazonyonya unyevu, kwa ajili ya vinasaba. Ua lihifadhiwe kwenye alkoholi ya asilimia 70; likibanwa kavu hubaki alama ya rangi tu. Jani lenyewe lina maji mengi, basi badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, la sivyo litaoza ndani ya siku chache. Rangi ya upande wa chini wa jani, kama ni ya kijani au zambarau iliyoiva, iandikwe siku hiyo hiyo.

Sasa kuhusu kukuza nje ya msitu. Ni rahisi kupita kiasi, na urahisi huo ndio mtego. Unakata jani lenye afya na kuacha kikonyo cha sentimita 3, mkato wa mshazari, unakichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, unafunika kwa plastiki na kuweka kwenye kivuli chenye mwanga, joto la nyuzi 20 hadi 25. Baada ya miezi miwili hivi vichipukizi vinatokeza chini ya kikonyo. Maji yakizidi, kikonyo kinaoza na kugeuka cheusi. Maji baridi yakimwagikia jani lenye joto huacha pete na madoa meupe yasiyofutika. Chipukizi zote zinazotoka kwenye jani lile ni nakala ya mmea mmoja. Ukitoa majani kumi kwenye mmea mmoja ukapata miche mia, umehifadhi mmea mmoja. Mkusanyiko wenye maana unataka mimea mama mingi, walau 20 hadi 30 kwa kila mwamba ikiwa mwamba una idadi ya kuhimili, kila mmoja na namba yake isiyobadilika kuanzia fomu ya msituni hadi kwenye chungu. Lebo ikipotea, mmea huo ni wa mapambo kuanzia siku hiyo. Na mbegu zinazokusanywa kwenye kitalu chenye aina kadhaa pamoja zichukuliwe kuwa chotara mpaka ithibitike vinginevyo, kwa sababu nyuki hasomi lebo.

Kwa sababu hiyo hiyo naomba, kwa heshima zote, shule na hoteli zilizo jirani na misitu zisipande urujuani wa madukani nje, na mtu yeyote asiupeleke kwenye mwamba kwa nia ya kuusaidia. Chavua yake itafika kwa mimea ya asili. Pamoja nayo vinaweza kufika vidung'ata vya mizizi, ukungu na magonjwa ya vitalu ambayo mwamba haujawahi kuyaona.

Kwa wajumbe wa kamati za vijiji: mwamba wenye urujuani ukiwa nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya kijiji au shamba la mtu, andikeni makubaliano mafupi na mwenye shamba. Asikate mti wowote wala kufyeka kichaka ndani ya mita 30 kuzunguka mwamba, asiwashe moto upande wa chini wa mteremko, na iliki isiingie humo. Mita 30 ni pendekezo langu la kuanzia. Palipo na upepo mkali au mteremko ulio wazi, ongezeni. Eneo lenyewe ni dogo, pungufu ya theluthi moja ya hekta kwa mwamba mdogo, na fidia yake inaweza kujadiliwa kwenye mkutano wa kijiji. Derema, ule ukanda wa msitu wa Usambara Mashariki ambako wakulima walilipwa fidia ya mazao, ilitufundisha kwamba fidia ya mazao ikizungumzwa baada ya mpaka kuchorwa, manung'uniko hayaishi.

Kwa maafisa misitu: Maesopsis jirani na mwamba msiikate yote kwa mpigo. Ukifungua dari ghafla utaua kile unachokilinda. Ng'oeni miche yake kila mwaka, chubueni gome kwa duara kwenye mti mmoja mmoja, huku miti ya asili ikipandwa na kupewa nafasi ya kupanda juu.

Fomu za kuhesabia ziko pale mezani, zina majina yote mawili, la zamani na jipya, na safu tatu za mkubwa, mdogo na mche. Zijazeni kwa kalamu ya risasi, maana wino hutoka kwa mvua. Nakala moja ibaki kijijini, moja iende ofisi ya misitu ya wilaya, moja ipelekwe hebaria. Walimu wa baiolojia, chukueni lenzi mbili kwa kila shule, tutaonyeshana namna ya kutazama vinyweleo mara tu baada ya chai.